Daktari akisema "mmoja kati ya wanne": somo la uwezekano kwa wanafunzi na wazazi wao

Mwezi uliopita, baada ya Swala ya Alasiri, mama mmoja wa mtaani kwetu Mji wa Kale alikuja kumchukua binti yake kwenye masomo ya ziada ninayosomesha barazani kwangu. Binti yuko kidato cha tatu, na jioni hiyo tulikuwa kwenye mada ya uwezekano. Ubao ulikuwa umejaa sarafu, dadu na mifuko ya gololi. Mama aliutazama kwa muda, akangoja watoto wengine watawanyike, ndipo akaniuliza.

"Mwalimu, wewe ni mtu wa hesabu, hebu nambia. Hospitali walitwambia mmoja kati ya wanne. Sasa si ndiye huyu mdogo wetu? Basi huyu wa tumboni, na mwengine akija, Mungu akipenda watakuwa wazima."

Mdogo wao ni mvulana wa miaka mitano mwenye ugonjwa wa selimundu, ambao wengi wetu tunauita sikoseli. Mama ana mimba ya miezi sita. Nikamgeukia binti yake, nikamwambia amjibu mamake, maana ndiyo kwanza apate tisa kwa kumi katika zoezi langu. Akafikiri kidogo, akasema: "Ndiyo, mama. Robo ya wanne ni mmoja. Tushampata."

Hapo nikajua kwamba tatizo si la mama wala la binti. Ni langu. Nimesomesha watoto kuandika jawabu na kulipigia mstari, na mtoto hodari kuliko wote barazani hakuona kwamba swali la mamake ndilo lile lile lililokuwa ubaoni. Makala haya nayaandika kwa ajili yake na wenzake, na kwa ajili ya wazazi ambao hukutana na hesabu hii hospitalini, kwenye simu na kwenye kubeti, bila ya ubao wala mwalimu.

ORODHA KWANZA

Chukua sarafu ya shilingi moja, ile iliyotolewa 2018. Upande mmoja una twiga, upande wa pili una ngao ya taifa. Ukiirusha, yawezekana mambo mawili tu: twiga au ngao. Hayo ndiyo tunayoyaita matokeo. Kama sarafu haikupindwa wala kulemezwa upande mmoja, matokeo hayo mawili yana nguvu sawa, na uwezekano wa twiga ni 1 juu ya 2.

Kanuni nzima ya mwanzo ni hiyo. Hesabu matokeo yote yanayoweza kutokea, hesabu yale unayoyataka, kisha gawanya ya pili kwa ya kwanza. Jawabu haliwezi kupungua 0 wala kuzidi 1. Sifuri maana yake jambo haliwezi kuwa. Moja maana yake halina budi kuwa. Nikimkuta mwanafunzi ameandika uwezekano wa 1.4 huwa simsahihishi, namrudishia daftari tu.

Lakini kuna sharti ambalo watoto hulisoma mbiombio na kulisahau: matokeo yawe na nguvu sawa. Bila ya sharti hilo kanuni haifai kitu. Kesho nitaingia chumba cha mtihani, ama nipite ama nianguke, mambo ni mawili. Je, uwezekano wa kupita ni nusu? Muulize aliyelala muhula mzima, kisha muulize aliyesoma.

Sasa rusha sarafu mbili. Ni upi uwezekano wa kupata twiga angalau mmoja? Wanafunzi wengi husema hivi: twiga wawili, twiga mmoja, au hakuna twiga. Mambo matatu, mawili yanatufaa, basi ni 2 juu ya 3. Yasikika sawa kabisa. Na aliyekosea hapa asione haya, kwa sababu Jean le Rond d'Alembert, mmoja wa wanahesabu wakubwa wa Ufaransa, aliandika jawabu hilo hilo katika kamusi elezo mashuhuri ya zama zake mwaka 1754.

Alikosea wapi? Tuzipake sarafu zetu rangi, moja nyekundu na moja buluu, kisha tuandike orodha bila ya haraka. Nyekundu twiga, buluu twiga. Nyekundu twiga, buluu ngao. Nyekundu ngao, buluu twiga. Nyekundu ngao, buluu ngao. Ni manne, si matatu. Lile tokeo la "twiga mmoja" lina njia mbili za kutokea, na rangi haikuziongeza njia hizo. Ilituonesha tu zilizokuwepo. Kwa hiyo jawabu ni 3 juu ya 4. Ukitaka kuhakikisha, kaa na ndugu yako mrushe sarafu mbili mara mia, mwandike. Mimi huwafanyisha wanafunzi wangu kila mwaka, na kila mwaka kuna mmoja anayeapa kwamba ni theluthi mbili mpaka karatasi ijae.

Ikumbuke hii orodha ya mambo manne. Tutairudia.

ORODHA IKIWA NDEFU MNO

Kuandika orodha kunafaa mambo yakiwa manne au kumi na mawili. Yakiwa elfu, tunazidisha.

Ingia hoteli ya chai asubuhi. Cha kutafuna kuna mahamri, chapati, vitumbua au mkate wa mofa. Cha kunywa kuna chai ya rangi, chai ya maziwa au kahawa. Kwa kila kitafunio waweza kuchukua kinywaji chochote katika vitatu, basi njia za kufungua kinywa ni 4 mara 3, yaani 12. Mwenye hoteli akikuuliza, "na mbaazi au bila mbaazi?" zinakuwa 24. Kila uamuzi mpya unazidisha, haujumlishi. Hilo ndilo linalowatoka watu, na ndilo linalofanya hesabu hizi zipande ghafla.

Namba ya siri ya M-Pesa ina tarakimu nne. Kila nafasi yaweza kukaa tarakimu kumi, kuanzia 0 hadi 9. Basi 10 mara 10 mara 10 mara 10, ni namba 10,000. Tukisema tarakimu zisijirudie, nafasi ya kwanza ina 10, ya pili ina 9 kwa kuwa moja imeshatumika, ya tatu 8, ya nne 7. Ni 5,040. Mwizi aliyeokota simu yako akipata kubahatisha mara tatu, uwezekano wake wa kufaulu ni 3 kati ya 10,000.

Hiyo ni ikiwa namba umeichagua ovyo. Turudi kwenye lile sharti. Wengi wetu tumeweka mwaka wa kuzaliwa, wetu au wa mtoto. Kati ya 1950 na 2010 mna miaka 61 tu. Mwizi anayelijua hilo hana haja ya kuhangaika na namba 10,000. Uwezekano wake umekuwa 3 kati ya 61, karibu mara moja katika ishirini. Namba ni zile zile kwenye simu, lakini hazina tena nguvu sawa. (Ukimaliza kusoma aya hii na ukajijua, nenda ukabadilishe.)

Hesabu hii ya kuzidisha si ya kigeni kwetu kama tunavyodhani. Al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi, mwanachuoni wa karne ya 8 mwenye asili ya Oman aliyeishi Basra, ndiye aliyeasisi elimu ya arudhi, ile mizani ya mashairi ya Kiarabu. Na sisi tukisema "bahari" za ushairi, neno latoka katika elimu hiyo. Mtu huyo alitaka kutunga kamusi ya Kiarabu isiyoacha neno nje. Badala ya kukusanya maneno jinsi ayasikiavyo, alianza na herufi: herufi tatu zikipinduliwa zapangika namna ngapi? Ya kwanza ina nafasi 3, ya pili 2, ya mwisho 1; ni namna 6. Akawa achukua kila fungu la herufi, alipindua namna zote, kisha aangalia ipi hutumiwa na Waarabu na ipi wameiacha. Hesabu inayonasibishwa naye ni hii: kwa herufi 28 zisizojirudia, michanganyiko ya herufi mbili ni 28 mara 27, yaani 756. Ya herufi tatu ni 19,656. Ya nne ni 491,400. Ya tano ni 11,793,600. Jumla 12,305,412. Wanafunzi wangu wa madrasa huipenda sana hii, na huikokotoa wenyewe kwa kalamu ili kuona kama mzee alikosea. Hakukosea.

WAKATI MPANGILIO HAUNA MAANA

Katika herufi, "ba" na "ab" ni mbili. Katika dhumna, sita-nne na nne-sita ni kete moja ile ile, waigeuza tu mkononi. Hapa ndipo wanafunzi wengi hupoteza alama, kwa sababu huzidisha bila kujiuliza kama mpangilio una maana.

Kete ya dhumna ina pande mbili, na kila upande una kuanzia patupu hadi sita, yaani namna saba. Ukizidisha 7 mara 7 wapata 49. Lakini mwaga kete mezani uzihesabu, ni 28. Zile 21 zimekwenda wapi? Katika 49, kete pacha ni 7: sita-sita, tano-tano, mpaka patupu-patupu, na kila moja imehesabiwa mara moja. Zilizobaki ni 42, na kila moja imehesabiwa mara mbili, huku na huku. Gawanya kwa mbili upate 21. Ongeza zile 7 pacha. Ni 28.

Sasa kete zimevurugwa, watu wanne wamekaa, kila mmoja achukua saba. Uwezekano wa sita-sita kuwa mkononi mwako ni 7 juu ya 28, robo. Na ukiokota kete moja tu kwa kufumba macho, uwezekano wa kuwa ni pacha ni 7 juu ya 28 pia, robo tena, ingawa ni swali jingine. Mwanafunzi aeleze kwa nini yamelingana; nimelitumia mara nyingi kama swali la kumaliza kipindi.

MABUYU YALIYOLIWA HAYARUDI

Kwenye karatasi za mtihani swali hili huja na mipira au gololi ndani ya mfuko. Mimi hutumia mabuyu, kwa kuwa mabuyu watoto hawayarudishi mfukoni hata uwaombe vipi.

Mfuko una mabuyu mekundu 5 na ya manjano 3. Mtoto atoa moja bila kuangalia, ala, kisha atoa la pili. Ni upi uwezekano kwamba yote mawili ni ya rangi moja? Chora matawi. Tawi la kwanza: jekundu, 5 juu ya 8. Likishaliwa yamebaki 7, na mekundu ni 4, basi la pili jekundu ni 4 juu ya 7. Kufuata tawi tunazidisha: 5 mara 4 ni 20, 8 mara 7 ni 56, ni 20 juu ya 56. Kwa upande wa manjano ni 3 juu ya 8 mara 2 juu ya 7, yaani 6 juu ya 56. Njia hizi mbili haziwezi kutokea pamoja, basi tunazijumlisha: 26 juu ya 56, au 13 juu ya 28.

Alama hupotea kwenye 4 juu ya 7. Mwanafunzi huandika 5 juu ya 8 mara ya pili, kana kwamba buyu limerudi. Mfuko unakumbuka. Kilichotolewa mwanzo kimebadilisha kilichobaki, na lazima hesabu ibadilike nacho.

Sarafu haikumbuki. Ikitua twiga mara tano mfululizo, mara ya sita uwezekano wa twiga ni nusu ile ile. Haijui ilikotoka. Karibu makosa yote ninayoyaona nje ya darasa hutokana na mtu kuidhani sarafu kuwa ni mfuko. Mama mwenye wasichana watatu huambiwa na mawifi kwamba wa nne "lazima" atakuwa mvulana. Ni kweli kwamba familia ya watoto wanne ina mipangilio 16, na wasichana watupu ni mmoja tu kati ya hiyo. Lakini wale watatu wameshazaliwa. Katika mipangilio 16 imebaki miwili inayoanza na wasichana watatu, na uwezekano wa wa nne kuwa mvulana ni nusu kwa kukadiria (duniani wavulana huzaliwa wakizidi kidogo tu). Na nimewaona wanawake wakisimangwa kwa jambo hilo, wallahi, kana kwamba wameficha mvulana mahali.

MPWA WANGU NA MECHI KUMI NA SABA

Mpwa wangu alimaliza kidato cha nne, hana kazi, na jakpoti ya mechi 17 ameifanya ndiyo kazi. Jumapili moja alinijia uso umechangamka. "Mjomba, nimekosa mechi mbili tu! Nimekaribia."

Nikatoa karatasi. Kila mechi ina matokeo matatu: mwenyeji ashinde, sare, mgeni ashinde. Mechi 17 ni 3 ikizidishwa yenyewe mara 17. Tukapiga pamoja: 129,140,163. Kama angejaza tiketi moja kila dakika, usiku na mchana, bila kulala, angehitaji miaka 245 kuzimaliza zote.

Akaniambia, na hapo akasema kweli, kwamba matokeo hayana nguvu sawa. Timu kubwa nyumbani si sawa na timu dhaifu ugenini. Vyema. Tuseme yeye ni mjuzi kiasi kwamba katika kila mechi ana uwezekano wa nusu wa kupatia, jambo ambalo si dogo. Nusu ikizidishwa mara 17 ni 1 kati ya 131,072. Kwa ujuzi huo, akicheza kila wiki, wastani wa kungoja ni zaidi ya miaka 2,500.

Na hiyo "nimekaribia" nayo ina hesabu yake. Tiketi iliyopatia zote ni moja. Tiketi zilizokosa mechi moja tu ni 34: mechi ya kukosea yachaguliwa kwa njia 17, na kila moja ina namna 2 za kukosea. Zilizokosa mbili ni 544: jozi za mechi ni 17 mara 16 gawanya kwa 2, yaani 136, mara namna 4. Basi kwa kila tiketi ya ushindi zipo 544 za "nimekosa mbili tu". Kukaribia si dalili ya kwamba ushindi uko mlangoni. Kukaribia ndiko kuliko kwingi.

Akaikunja karatasi akaitia mfukoni. Anabeti bado, lakini haniletei tena habari za kukaribia.

SASA SWALI LA MAMA

Kila mtu ana nakala mbili za jeni inayotengeneza himoglobini ya damu, moja kutoka kwa mama na moja kutoka kwa baba. Nakala ya kawaida tuiite A, na ile ya selimundu tuiite S. Mwenye AA hana shida. Mwenye AS ni mbebaji. Kwa kawaida ni mzima na pengine hajijui. Mwenye SS ndiye mgonjwa. Mtoto wa kiume wa mama huyu ni SS, kwa hiyo alipokea S moja kwa kila mzazi. Wazazi wote wawili ni wazima, basi wote wawili ni AS.

Mama humpa mtoto A au S, nguvu sawa. Baba vile vile. Hizo ni sarafu mbili, ya mama nyekundu na ya baba buluu. Orodha: AA, AS, SA, SS. Mambo manne yale yale tuliyoyaandika mwanzo wa makala. Mgonjwa ni mmoja kati ya manne. Mbebaji ni mawili kati ya manne. Asiye na S kabisa ni mmoja.

"Wanne" alioutaja daktari ni hesabu ya matokeo, si hesabu ya watoto. Sarafu hizi mbili zinarushwa upya kwa kila mimba, na hazikumbuki. Mvulana aliyezaliwa mgonjwa hakuwalipia wenzake. Mtoto aliye tumboni ana robo yake kamili, na atakayemfuata ana robo yake.

Tuihesabu familia nzima ili pasibaki shaka. Watoto wanne, kila mmoja ana matokeo manne: 4 mara 4 mara 4 mara 4, ni 256. Familia isiyo na mgonjwa hata mmoja: kila mtoto ana njia 3, basi 3 mara nne zenyewe kwa zenyewe, 81. Familia yenye mgonjwa mmoja tu: mgonjwa aweza kuwa wa kwanza, wa pili, wa tatu au wa nne, njia 4, na wenzake watatu wana 3 mara 3 mara 3, yaani 27, jumla 108. Zilizobaki, zenye wagonjwa wawili au zaidi, ni 256 toa 189, ambazo ni 67. Ile familia aliyoifikiria mama, yenye mmoja hasa kati ya wanne, ni 108 juu ya 256, chini ya nusu. Na familia 67 katika 256, zaidi kidogo ya robo, zina wagonjwa wawili au zaidi. Hizo ndizo zinazoshtuka, kwa kuwa ziliambiwa "mmoja kati ya wanne" zikadhani zimemaliza zamu.

Kwa nini jambo hili litushughulishe sisi wa Pwani? Mwaka 1949 kijana aliyelelewa Kenya, Anthony Allison, alipima damu za watu sehemu mbali mbali za nchi. Akaona wabebaji ni wengi huku kwetu na kandokando ya Ziwa Victoria, na ni wachache mno nyanda za juu. Mwaka 1954 akaeleza sababu: malaria. Mwenye AS hustahimili malaria vyema zaidi kuliko mwenye AA, basi penye mbu S imedumu vizazi na vizazi. Hatukulaaniwa wala hatukurogwa. Tumeishi na mbu.

Nilimweleza mama haya yote kwa sarafu mbili za twiga juu ya meza, siku ya pili, na mumewe alikuwepo. Mume aliuliza swali la maana kuliko yote: "Sasa kujua huku kutatusaidia nini, na mtoto yuko njiani?" Kutasaidia hivi: aliyeamini kwamba zamu imepita hatampima mtoto akizaliwa. Atangoja mpaka mikono na miguu ivimbe, kama walivyongoja kwa yule wa kwanza. Anayejua kwamba robo bado ipo ataomba tone la damu lipimwe mapema, na mtoto akionekana ni SS ataanzishiwa penisilini ya kumkinga na maambukizi akiwa bado mchanga, na wazazi watafundishwa dalili za hatari. Mambo hayo huokoa roho za watoto. Walikubaliana kwamba mtoto atapimwa.

"NA MIMI JE?"

Binti alikuwa kimya muda wote huo, amezishika zile sarafu. Kisha akauliza: "Mwalimu, na mimi je? Mimi si mgonjwa. Nina robo, nusu au nini?"

Nikamrudishia kalamu. Akaandika orodha ya manne: AA, AS, SA, SS. Akaitazama, akakata SS, kwa sababu ana miaka kumi na sita na hajaugua. Yamebaki matatu. Katika matatu hayo, mawili ni ya mbebaji. "Theluthi mbili," akasema, kisha akacheka kidogo kwa sababu ndilo lile jawabu nililomkatia kwa wino mwekundu wiki ile ya sarafu.

Safari hii ni sahihi. Katika sarafu mbili hatukuwa na habari yoyote, kwa hiyo hatukuwa na haki ya kufuta tokeo lolote. Hapa tuna habari: SS haiwezekani kwake. Habari mpya hufuta baadhi ya orodha, na kinachobaki ndicho tunachogawanyia. Sehemu hii vitabu huiweka mbele zaidi na kuipa jina refu, lakini yeye aliifanya kwa kukata mstari mmoja.

Akaendelea peke yake. Akiwa ni AS na akaolewa na mume AA, sarafu ya mume ina A pande zote mbili. Watoto wao watakuwa AA au AS, nusu kwa nusu, na hakuna SS hata mmoja. Akiolewa na mume AS, ni orodha ya wazazi wake tena. Akiolewa na mume SS, kila mtoto atapata S kwa baba, na kwake yeye A au S. Nusu watakuwa wagonjwa. Akaandika yote matatu kwa mpangilio, akayapigia mstari kama nilivyomfunza.

Theluthi mbili ni ya aliyekaa barazani na kalamu. Kipimo cha damu ndicho kinachoondoa matawi yote likabaki moja. Mamake alimwambia watakwenda pamoja, siku atakayopelekwa mdogo wake kliniki.